Safu ya Mbele, Jina la Tatu

Jumapili, 11 Januari 2015

Kikao. Saa tatu kwenye tangazo, saa tano na nusu kwa kweli. Mwenyekiti wetu, mzee Longinus, alikuwa afisa elimu, na tangu astaafu hakuwa amepata watu wa kumsikiliza mpaka tulipoanzisha timu ya magongo. Sasa anatupata sisi, wanawake kumi na tatu, kila Jumapili baada ya ibada.

Habari yenyewe: Tabora wameandika. Bonanza la kanda, mpira wa magongo wanawake, 23 Mei. Lakini huku kwetu milimani wanataka timu moja tu. Siyo Kasulu na Kibondo. Moja. Kwa hiyo sisi na Kibondo, tuliovunjana meno miaka mitatu (jino moja, la kwao), tuwe ndugu. Majina kumi na sita. Mwisho wa kuyapokea 15 Mei, saa kumi jioni.

Kocha wa Kibondo alikuja na kompyuta. Anaitwa Brighton, mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na nane. Hajawahi kushika gongo ila kwa kulihamisha, lakini amesoma mtandaoni. Akatugeuzia kioo tuone mishale. Akasema timu haijengwi kwa leo, inajengwa kwa miaka mitano, na inajengwa kuanzia mbele. Washambuliaji watatu. Kila jina lina umri na rangi. Kijani ni mtu wa baadaye, njano ni wa sasa.

Langu lilikuwa la kijivu. Nikauliza kijivu ni nini.

Urithi, akasema. Yaani wewe ni mwanzilishi, dada Evaline. Mchango wako hautasahaulika.

Maneno ya mbele ya jeneza hayo. Nina miaka thelathini na tisa.

Jumamosi, 17 Januari

Mazoezi ya kwanza ya pamoja, uwanja wa shule. Uwanja umeinama. Mpira ukikupita unateremka mpaka kwenye muhogo wa watu, na mwenye shamba haurudishi bila kutoa nasaha.

Nawaandika washambuliaji, nisije kusema sikuwaona.

Zuleha, wa Kibondo. Winga wa kulia. Anauza vitenge sokoni. Anakimbia mpaka mpira unabaki nyuma. Hatoi pasi. Nilimwomba mara nne. Mara ya nne akasema, "Subiri, dada," nami nikasubiri mpaka filimbi ya mwisho. Lakini anafunga. Wa kwanza kwenye orodha, hakuna ubishi.

Philomena, mpwa wa mwenyekiti. Winga wa kushoto, kwa maana kwamba husimama kushoto. Binti mpole. Akikosa mpira anauomba radhi. Bahati yake kwenye magongo sheria ya kuotea ilifutwa zamani, maana angekuwa ameotea tangu Desemba. Mjomba wake anasema ana kipaji kinachochelewa.

Mimi. Katikati. Nauona mchezo kuliko wote. Shida ni kufika pale ninapopaona. Goti la kulia linalalamika kila nikigeuka.

Zuleha kwa miguu, Philomena kwa ukoo, mimi kwa historia. Safu ya mbele ya baadaye.

Beki mmoja amenisumbua. Claudine, wa Makere, miaka ishirini na moja. Mwaka jana tulimweka nyuma kwa sababu alikuja mgeni, na wageni wote tunawaweka nyuma. Leo alininyang'anya mpira mara tatu. Mara ya tatu hakuupiga mbele kama beki. Aliondoka nao. Akampita Brighton aliyesimama katikati na filimbi, akampita Zuleha — na Zuleha hapitwi — akafika kwenye duara la kufungia, akasimama. Akatugeukia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Halafu akaurudisha mpira nyuma.

Nikamuuliza mbona hakupiga.

"Mimi ni beki," akasema.

Alhamisi, 5 Februari

Kliniki ya mkoba, Makere. Vipimo sitini na viwili vya malaria, macho yangu yamekuwa kama ya bundi. Tulimaliza mapema, nikaenda kwa akina Claudine.

Mama yake, Pelagia, ananiita muganga. Nimemweleza kwamba mimi si daktari, ni mtu wa maabara, natazama damu tu. Akasema anayetazama damu amemzidi daktari. Akanipa maharage na ugali wa muhogo mweupe kuliko koti langu la kazi.

Marehemu mume wake alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akiwa kwenye mgongo wa mama yake. Claudine amezaliwa hapahapa, amesoma hapa mpaka kidato cha nne, analima hapa. Mtu wa Dar akimsikia anaongea atasema ni Muha. Mtu wa Kasulu anajua asili yake kabla salamu haijaisha.

Nikasema nataka kumjaribu mbele. Claudine akamtazama mama yake.

"Mbele ndiyo wapi?" mama akauliza.

Nikaeleza.

"Kuna kuumia?"

"Kidogo."

"Na huko nyuma?"

"Nyuma ndiko zaidi, mama."

"Basi aende mbele."

Longinus hajawahi kuendesha kikao cha namna hiyo.

Njiani kurudi ndipo nikapiga hesabu. Nafasi mbele ni tatu. Zuleha haondoki. Philomena haguswi. Nimemkaribisha Claudine kwenye kiti cha nani?

Jumamosi, 21 Februari — Kibondo

Mechi ya majaribio. Brighton alitugawa, A na B. Nikawa katikati ya A, Claudine katikati ya B. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

B wameshinda nne kwa moja. Matatu ya Claudine. La kwanza alifunga akiwa anaanguka. La pili sikuliona, nilikuwa nimeinama nashika goti. La tatu alimzunguka kipa wetu taratibu, bila haraka yoyote, kama anayemzunguka mama mjamzito njiani. Lile moja la A ni langu. Mpira ulinigonga gongo ukaingia. Niliinua mikono hata hivyo.

Brighton akafungua kompyuta palepale kwenye nyasi, akambadilisha rangi. Kijani. Mzee Longinus, aliyekuwa anataka beki abaki beki, akasema alishauona uwezo wake tangu mwanzo na ndiyo maana alimficha nyuma.

Nimefurahi sana kwa ajili yake.

(Nimeandika sentensi hiyo nione inavyokaa kwenye karatasi. Haikai.)

Jumapili, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Mzee Longinus alituhutubia juu ya wanawake saa moja na dakika kumi. Hakuna mwanamke aliyepata nafasi ya kusema.

Kisha orodha. Brighton ameandaa kitu anakiita mkakati. Kurasa kumi na nne, ya kwanza ina picha yake. Mbele: Zuleha, Claudine, Philomena. Mimi akiba, "kwa uzoefu". Akiba ya uzoefu inakaa kwenye benchi na kushika chupa za maji.

Mzee akainua kidole. Tabora wanataka kila mchezaji awe na barua ya mtendaji wa anakoishi, kwamba anafahamika na ni raia. Fomu asaini kapteni na aipeleke kwa mtendaji kapteni mwenyewe. Aliposema raia alimtazama Claudine. Siyo sana, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Akaongeza kwamba barua isipopatikana kwa yeyote yule, basi mkongwe wetu atarudi katikati na timu haitayumba.

Watu wakanipigia makofi. Nikatabasamu! Mungu anisamehe, lilikuwa tabasamu la kweli.

Kapteni ni mimi. Tulipotoka Claudine akanipa bahasha: kadi yake ya kliniki, cheti cha kidato cha nne, picha mbili. Akasema mtendaji wao ananifahamu na ananiheshimu, lakini yeye akienda peke yake ataambiwa arudi kesho. Nikasema niachie mimi. Nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kijani la baridi.

Jumatano, 18 Machi

Nimezipeleka fomu za wachezaji sita wa hapa mjini. Asubuhi moja, mihuri sita. Philomena alipigiwa wa kwanza, mjomba wake alishapita kusalimia.

Makere sijaenda. Mvua.

Jumanne, 24 Machi

Makere sijaenda. Leo mvua haikunyesha.

Jumamosi, 28 Machi

Zuleha ametoa pasi. Naandika tarehe ili vizazi vijavyo vijue.

Alimpa Claudine, ambaye hakuomba. Alikuwa tu pale anapotakiwa kuwa, na Zuleha akaona hakuna njia nyingine ya heshima. Goli. Halafu tena. Brighton alikuwa anaruka pembeni kama amekanyaga siafu. Hawa wawili wakicheza pamoja miaka mitano, hata mimi naiona ile mishale.

Nilikaa kwenye nyasi na koti langu nikiwatazama. Claudine alikuja kunywa maji. Akanisalimia, akauliza goti linaendeleaje. Hakuuliza kitu kingine.

Jumapili, 5 Aprili — Pasaka

Mchungaji alihubiri juu ya jiwe lililoondolewa mlangoni mwa kaburi. Wanawake walienda asubuhi wakiulizana nani atatuondolea lile jiwe. Nilikuwa na koti la kijani. Bahasha imo. Imeanza kukunjika kona.

Nje ya kanisa mzee Longinus akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza zile barua zimefikia wapi. Nikasema imebaki ya Makere. Hakuuliza kwa nini. Akasema nisijitese, kapteni, mambo ya karatasi yakiachwa yana kawaida ya kujiamua yenyewe.

Nikasema ndiyo, mzee.

Miezi mitatu mizima namcheka mtu huyu humu ndani. Hotuba zake, mpwa wake, kidole chake. Na leo nimesimama naye nje ya kanisa siku ya Pasaka, na tumeelewana vizuri bila hata kumaliza sentensi. Yeye anamlinda mpwa wake. Mimi je? Nalinda goli moja kwa mwezi, la kugongwa na mpira.

Nitaenda Jumatano.

Alhamisi, 16 Aprili

Sikwenda Jumatano.

Leo nilikuwa Makere kwa kazi. Kliniki ya mkoba. Saa nane tulimaliza, gari likapita mbele ya ofisi ya mtendaji wa kijiji chao. Alikuwa amekaa mlangoni, hana mtu, anasafisha kucha na njiti ya kiberiti. Akaniona. Akasimama kwa heshima.

"Karibu, dada. Pita upumzike."

"Nina haraka," nikasema. "Nitarudi."

Sikuwa na haraka yoyote. Nilifika nyumbani nikafua mapazia.

Basi liandikwe angalau mahali pamoja: sijasahau. Sijachelewa kwa sababu ya mvua, wala kazi, wala goti. Nataka kucheza Tabora. Kama hana barua, nacheza. Hayo tu.

Jumatatu, 4 Mei

Kazi imetumeza. Watu wanavuka kutoka Burundi, wanakimbia vurugu za uchaguzi. Siku zote hizi mabasi yanatoka mpakani Manyovu yamejaa, yanapita mjini kuelekea kambini Nyarugusu. Kina mama wamekaa na masufuria kwenye magoti. Watoto hawalii, na hilo ndilo linatisha watu sokoni. Hospitali tumegawanywa zamu. Nimepima tangu asubuhi mpaka vidole vimekuwa vya zambarau kwa dawa ya kutia damu rangi.

Mjini maneno yamebadilika kwa wiki moja. Muuza chapati, ambaye mke wake mwenyewe ana shangazi huko Makamba, ng'ambo, anasema siku hizi huwezi kujua nani ni nani. Alikuwa anajua vizuri tu mwezi uliopita.

Claudine hakuja mazoezi Jumamosi. Zuleha anasema wamepata wageni nyumbani, ndugu wa baba. Tisa.

Jumanne, 5 Mei

Nimeenda. Niliomba ruhusa nikapanda pikipiki mpaka Makere.

Nje ya ofisi ya mtendaji palikuwa na watu labda mia. Mwenyewe amekonda kwa siku chache. Nikampa fomu, nikampa bahasha. Akatazama kadi ya kliniki, akatazama cheti.

Akasema binti huyu anamjua tangu anatambaa. Baba yake alimchimbia choo cha nyumba yake. Akasema mwezi uliopita angeandika akiwa amesimama. Sasa ameambiwa barua za watu wenye asili ya ng'ambo zisubiri kwanza, mpaka waliofika wajulikane. Akiandika moja leo, kesho wanakuja mia, na kila mmoja atasema mimi pia unanijua.

"Kwani wewe umezipata lini hizi karatasi?" akauliza.

Nikasema hivi karibuni.

Uongo huo niliutoa bila hata kumeza mate. Akanirudishia bahasha kwa mikono miwili.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani. Nimeenda Makere.

Uani kwa Pelagia pamejaa. Wanawake wawili nisiowajua wanamenya muhogo, mzee mmoja amelala kwenye mkeka. Pelagia akanisalimia kama siku zote, muganga, karibu, akaniletea kigoda. Wageni tisa na bado kigoda nimepewa mimi.

Claudine alikuwa anaanika muhogo juu ya mawe. Nikamwomba tusogee pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kasulu, yote yamevaa nguo nzuri. Yakanitoka. Nikasema tu: bahasha yako nilikaa nayo. Tangu siku ile mpaka Jumanne iliyopita. Ningeipeleka Machi ungekuwa na barua. Sikuipeleka kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa unachukua nafasi yangu.

Aliendelea kupanga vipande vya muhogo. Akamaliza jiwe lile, akahamia jingine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile Zuleha alinipa pasi. Nilikuja kunywa maji. Ulikuwa umevaa koti, bahasha ilionekana mfukoni. Picha yangu ilikuwa imetokeza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ningesema nini, dada? Wewe ndiye mkubwa."

Hakulisema kwa kunichoma. Ingekuwa afadhali. Alilisema kama mtu anavyokuambia njia ya kisimani.

Nikasema samahani. Neno dogo sana lile, lilitoka likaanguka katikati ya muhogo. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema Tabora hajawahi kufika. Akasema alikuwa amemwambia mama yake atamletea asali.

Halafu mmoja wa wale wanawake akamwita kwa Kirundi, akaenda.

Jumatano, 13 Mei

Kikao cha dharura. Nimeongea kabla ya mzee kusimama, kosa kubwa la kiitifaki.

Nikasema Claudine hana barua na kosa ni langu. Nikaeleza lote, pamoja na mlango wa mtendaji na mapazia. Nikasema mimi sichezi Tabora, siyo katikati, siyo akiba. Chupa za maji nitashika.

Brighton akafunga kompyuta — hilo halijawahi kutokea. Zuleha akanitazama kwa namna ambayo sitaiandika, ni haki yake.

Mzee Longinus akakohoa. Akasema kapteni ameongea kwa uchungu na uchungu ni wa kiungwana, lakini tusisahau kwamba mambo haya yana taratibu, na hakuna wa kulaumiwa. Akanitazama kidogo. Akataka lipite. Nikasema hapana, mzee, yupo wa kulaumiwa, na siku ya Pasaka tulikuwa wawili.

Hilo hakulipenda. Akasema basi Philomena ahamie katikati, suala limekwisha.

Philomena akasimama. Sijawahi kumsikia akiongea kikaoni.

"Mjomba, mimi sitaki."

"Hutaki katikati?"

"Sitaki hata kushoto. Nilikwambia tangu mwaka jana. Mimi naogopa ule mpira."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote, na Philomena mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Mzee alikaa chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee kweli, mikono juu ya magoti. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilifurahi kiasi.

Kwa hiyo safu yetu ya mbele ya baadaye, siku mbili kabla ya mwisho, ni Zuleha. Brighton amempandisha kiungo mmoja wa Kibondo kushoto, msichana wa kawaida, hana ubaya. Jina la tatu liko wazi. Akasema tuna akiba wawili wanaoweza kujaza. Zuleha akasema haendi Tabora kumpasia mtu wa kujaza. Yeye, wa kupasia!

Nimemwomba Brighton asitume majina mtandaoni mpaka Ijumaa alasiri. Amekubali.

Ijumaa, 15 Mei

Saa nne. Makere, benchi la nje ya ofisi ya mtendaji. Naandikia kwenye goti zima. Nimekuja na Claudine. Nilimfuata nyumbani asubuhi, nikasema tujaribu mara moja ya mwisho, mimi nitasema mbele yake na mbele ya mtendaji karatasi nilizipata lini. Akafunga kitenge akaja. Hatujaongea sana njiani. Aliniuliza kama Tabora kuna joto.

Mbele yetu watu arobaini, zaidi. Wengi wamefika wiki hii.

Saa tano na robo. Brighton amepiga. Vipi? Bado.

Saa sita. Kuna kelele ndani. Mtendaji hasikii Kirundi vizuri, na karani anayemsaidia naye ni wa Shinyanga. Mama mmoja anaeleza jambo la mtoto aliyepotea kule mpakani, wanamwelewa vibaya, wanaandika kwamba mtoto amefariki. Mama anapiga kelele kwa Kirundi, oya, oya, yaani hapana. Claudine alisimama kwenye foleni akaongea kupitia dirishani, maneno mawili matatu kwa upole. Mama akanyamaza. Mtendaji akatoa kichwa nje.

"Wewe binti wa marehemu, njoo. Njoo hapa unisaidie."

Ameingia.

Saa saba. Bado yuko ndani. Wamempa kiti, kisha wakampa kalamu. Anauliza kwa Kirundi, anaandika kwa Kiswahili. Foleni inatembea sasa. Mzee mmoja aligoma kutaja jina lake kwa mtu wa serikali, na mtendaji akamwambia, nimesikia kwa masikio yangu, "Usiogope, mzee. Huyu ni wa hapa. Ni binti yetu." Claudine akamtafsiria hivyohivyo, uso haukubadilika.

Nikainuka niende dirishani. Polisi jamii akaniambia nikae, zamu yangu haijafika.

Saa nane. Brighton. Anasema mtandao wa Kibondo unakuja na kuondoka, anaogopa kusubiri mpaka saa kumi. Anasema aandike jina la akiba, tutabadilisha baadaye. Nikasema Tabora hawabadilishi, wewe mwenyewe ulitusomea. Akasema sawa, dada. Siku hizi haniiti mwanzilishi.

Saa nane na nusu. Claudine alitoka kunywa maji. Nikamwambia muda unakwenda, mwambie sasa, mko meza moja. Akatazama watu waliobaki.

"Hawa wamekuja kwa miguu," akasema.

Akarudi ndani.

Saa tisa na dakika ishirini. Mbele yangu wamebaki wanne. Zuleha amenitumia ujumbe, neno moja: Je? Fomu iko mkononi, nimeinyoosha kona kwa kucha lakini imebaki na alama. Kupitia dirishani naona kitabu cha wageni, mwandiko wa Claudine kurasa tatu, majina ya watu, wametoka wapi, wamekuja na nani.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Wawili.

Brighton anapiga. Sijapokea.

Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Mtendaji amesimama, anajinyoosha mgongo. Amesema kitu, karani amecheka. Anakuja mlangoni na funguo mkononi. Anasema tumechoka wote, waliobaki warudi kesho. Claudine ameinua kichwa kutoka kwenye kitabu, ananitazama mimi.

Nimesimama. Polisi jamii anasema mama, umesikia, ni kesho. Simu inalia tena. Nimeweka mguu kwenye kizingiti, ule wa goti bovu, na mtendaji ameshika mlango, nami namwambia: karatasi hizi nilipewa tarehe nane Machi, nikakaa nazo.